Sajini aliyenifunza kazi ananitia hofu, na mimi ndiye mwenye daftari la vifaa

BARUA

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 33, mzaliwa wa Majengo, Mombasa, na kwa sasa ni koplo katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, katika kambi ya kusini ambayo naomba nisiitaje. Nilikuja huku mwaka 2019 kwa bahati nasibu ya viza, nikapakia mizigo ghalani kwa miaka miwili, kisha mwaka 2021 nikajiunga na jeshi nikiwa na kadi ya ukaazi tu. Mwaka uliofuata niliapishwa kuwa raia kupitia utumishi wangu. Nina mke na watoto wawili, na mdogo ana miezi saba. Nakuandikia usiku baada ya wao kulala, kwa kuwa jambo hili sijaweza kulizungumza hadi mwisho na mtu yeyote.

Nilianza kazi karakana, fundi wa magari chini ya mtu nitakayemwita Sajini B. Ni Mzungu, mtoto wa wakulima, na kila ninachokijua kuhusu injini za magari ya jeshi nilikipata kwake. Nilipokuwa nikishindwa mbio za mtihani wa afya alikuwa akinigongea mlango saa kumi na moja alfajiri, akakimbia pembeni yangu mpaka nikafaulu. Mke wangu alipopatwa na uchungu wa mtoto wetu wa kwanza, mimi nikiwa porini mazoezini, ni B. na aliyekuwa mkewe wakati huo waliompeleka hospitali saa nane za usiku na kukaa naye mpaka kulipokucha. Halafu kuna jambo la ndevu. Ngozi yangu, kama ya wanaume wengi weusi, haipatani na wembe. Nywele hujikunja zikarudi ndani, na shingo hujaa vipele vyenye usaha. Daktari alinipa cheti cha kutonyoa. Mkubwa mmoja aliponikaripia mbele ya watu kwamba ndevu zangu ni uvivu, B. ndiye aliyetoka mstarini akamweleza, kwa heshima lakini bila kurudi nyuma, kwamba cheti kipo na kinatosha.

Mtu huyo amebadilika. Mabadiliko yalianza baada ya ndoa yake kuvunjika. Mwisho wa wiki amekuwa akienda msituni kulenga shabaha na wanaume nisiowafahamu, ambao si wanajeshi, jambo ambalo peke yake si ajabu huku. Siku moja alinitumia video inayodai kwamba kuna mpango wa kuleta wageni ili wachukue nafasi ya Wazungu katika nchi yao. Haikupita dakika tano akaifuta, akaandika kwamba imemponyoka, haikuwa yangu. Mapema mwaka jana, amri ilipotoka kwamba ofisi za uanuwai jeshini, zile za kujumuisha watu wa kila rangi na jinsia, zifungwe na kwamba saa za kazi zisitumike tena kuadhimisha mwezi wa historia ya Weusi, tulikuwa tukitengeneza breki, mimi nimelala chini ya gari na yeye ameshika tochi. Akasema, “Hatimaye wameturudishia jeshi letu.” Nikamwuliza, “Letu, akina nani?” Alicheka, akanigusa bega, akasema, “Wewe si kama wale wengine.” Nilicheka pia. Mpaka leo najiuliza nilicheka nini, maana katika kombania yetu kuna kijana wa Nepal, kuna vijana wawili wa Puerto Rico, kuna binti wa Ghana ambaye hakuna anayemfikia kwa kazi ya breki, na sijui kati ya hao ni yupi aliye “wale wengine”.

Kisha nikaona stika. Imebandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku lake la spana, mahali ambapo huioni mpaka ufungue kabisa: namba 14 na 88, na kati yake kistari. Nilidhani ni namba za magari ya mashindano, kwa sababu yeye ni mpenzi wa mashindano hayo. Nilipotafuta maana yake kwenye simu, mikono ilinitetemeka. Tangu siku hiyo nimepita karakana mara nne kwa visingizio ili niitazame tena. Ipo, na pembe yake moja imeanza kubanduka kwa mafuta. Nimejaribu kuipiga picha nikaona haya, kama mwizi. Usiku naiona nikifumba macho. Wiki tatu zilizopita alikuja stoo, nilikohamishiwa mwaka jana, kuchukua glavu, akaniuliza kama utani kwamba miwani moja ya kuonea usiku ikikosekana itapita siku ngapi kabla ya mtu kujua. Nikamwambia huhesabiwa kila mwezi, akaenda zake.

Mama, mimi natoka Majengo. Februari 2014 polisi walipovamia Masjid Musa walikamata vijana zaidi ya 100, na jirani yangu alikuwa mmoja wao. Aliachiliwa, hakuonekana na kosa, lakini posa ya dada yake ilivunjika na duka la baba yao likakosa wateja mpaka likafungwa. Jina lile la ugaidi halikungoja ushahidi. Na huku, kila mwaka tunapofundishwa kuhusu tishio la ndani na kutajwa mauaji ya Fort Hood, kuna macho hunigeukia kwa sababu ya jina langu la Kiislamu. Najua uzito wa kunyooshewa kidole. Je, ni mimi nitakayemnyooshea kidole mtu aliyekaa na mke wangu hospitali?

Mke wangu anasema ninyamaze. Imebaki miezi minane nitimize miaka mitano ya utumishi, na tumesoma kwamba raia aliyepata uraia kupitia jeshi anaweza kunyang’anywa akiondolewa kwa njia isiyo ya heshima kabla ya miaka hiyo. Isitoshe, kanuni mpya za mwaka 2025 zinasema anayekaa na ruhusa ya ndevu zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 24 anaweza kuondolewa, nami sitaki mkubwa yeyote afungue faili langu sasa. Baba yangu, kwa simu kutoka Mombasa, aliniambia, “Mwanangu, ukila na kipofu usimguse mkono.” Rafiki mmoja msikitini anasema kunyamaza kwangu ni ushirika. Wote wananipenda, na wote wamenichanganya. Nifanye nini?

Koplo wa Majengo

MAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma polepole, nikiangalia wapi umekaa sana na wapi umepita upesi. Nitakueleza nilichokiona, kisha tufikiri pamoja. Uamuzi utabaki kuwa wako, kwa sababu wewe ndiye utakayeamka kesho ukaenda kazini.

Nikikuelewa sawasawa, una mtu uliye na deni kwake, deni la kweli, na mtu huyohuyo ameanza kuonyesha dalili za itikadi ambayo, ikifuatwa hadi mwisho wake, haina nafasi kwako wala kwa wanao. Ukisema, unaogopa kumharibia maisha kwa jambo ambalo huenda ni upumbavu wa mtu aliyeumizwa. Ukinyamaza, unaogopa kwamba siku moja utaulizwa kwa nini ulinyamaza. Nyuma ya yote hayo umesimama mtaa wa Majengo, pamoja na duka lile lililofungwa. Yeyote atakayekwambia kwamba jambo hili ni jepesi hajasoma barua yako.

Sasa nikuonyeshe kitu. Kuhusu stika umeniandikia mpaka pembe inayobanduka. Umeipitia mara nne na unaiona usiku. Kuhusu swali la miwani ya kuonea usiku umeandika sentensi moja, umeifunga kwa “akaenda zake”, ukahamia Mombasa. Sikulaumu, mara nyingi moyo hukimbia pale panapouma zaidi ukaenda kukaa pale panapovumilika. Stika inakuambia jambo kuhusu anachokiamini B. Swali lile linakugusa wewe, kwa sababu wewe ndiye mwenye daftari, na amekuuliza wewe. Inawezekana lilikuwa utani, maana askari wa dunia nzima hutania kuhusu stoo. Inawezekana pia kwamba alikuwa akikupima. Naomba ujiulize kwa utulivu: kama angekuwa mtu usiyemjua, na usiye na deni kwake, ungelipima vipi swali hilo?

Kuna dhana moja katika barua yako ambayo ningependa tuichunguze, nayo ni kwamba kusema ni sawa na kumpa mtu jina. Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda Majengo: jina lilitangulia, na ushahidi haukuulizwa. Lakini kuna tofauti kati ya kusema “B. ni Mnazi” na kusema “tarehe fulani, saa fulani, Sajini B. aliniuliza hivi, nami nikamjibu hivi”. La kwanza ni hukumu, na huna uwezo wa kuitoa, wala hakuna aliyekuomba. La pili ni ushahidi wa ulichokisikia kwa masikio yako. Jirani yako wa Majengo angepona kama kila mtu aliyehojiwa siku ile angesema alichokiona tu na kukomea hapo. Kwa hiyo uzoefu wako wa nyumbani, unaoudhani ni kizuizi, huenda ndio unaokufaa kuliko wenzako wote kusema kwa uangalifu, bila kuongeza chumvi.

Hata stika inahitaji uangalifu huo. Namba 88 peke yake si ushahidi wa chochote. Kwa miaka mingi ilikuwa namba ya gari la Dale Earnhardt Jr. katika mashindano ya NASCAR, na wapo mashabiki wema wanaoibandika mpaka leo. Herufi ya nane ni H, na H mbili ni salamu ya Hitler. 14 ni kaulimbiu ya maneno kumi na manne ya wanaodai ubora wa Wazungu. Zikikaa pamoja, na kistari katikati, mahali palipofichwa, tafsiri ya magari inakuwa ngumu kuitetea, na nadhani ndiyo sababu mikono yako ilitetemeka. Hata hivyo hatujui nani aliibandika, lini, wala kama sanduku lile lilikuwa la mtu mwingine kabla yake. Andika ulichokiona, na mashaka yako uyaandike vilevile.

Nikueleze kidogo jambo hili limepitia wapi, kwa sababu naona unadhani uko peke yako. Desemba 1995, huko Fayetteville, North Carolina, wapita njia wawili weusi, mwanamume na mwanamke, waliuawa kwa risasi na askari wa divisheni moja ya kambi ya Fort Bragg waliokuwa wafuasi wa Unazi mamboleo. Afisa mmoja mweusi wa divisheni hiyohiyo, Lloyd Austin, aliikumbuka habari ile mbele ya maseneta mwezi Januari 2021 alipokuwa akithibitishwa kuwa Waziri wa Ulinzi, akakiri kwamba dalili zilikuwepo tangu mwanzo ila wao hawakujua watazame nini. Mwezi uliofuata aliamuru kila kikosi, ndani ya siku 60, kisimamishe kazi kwa siku moja kuzungumzia misimamo mikali. Desemba 2021 kanuni ikafafanuliwa: kinachokatazwa ni kushiriki kwa vitendo, kama kuchangisha fedha, kuandikisha wengine, kuonyesha alama zao, hata kusambaza maandishi yao mtandaoni kwa nia ya kuyaunga mkono. Imani iliyomo kichwani mwa mtu haikuguswa, na nadhani hilo lilifanywa kwa busara.

Fort Hood, inayokugeuzia macho ya wenzako, nayo ina funzo ambalo halisemwi vya kutosha. Novemba 2009 Meja Nidal Hasan, daktari wa akili aliyekuwa na msimamo mkali wa Kiislamu, aliua watu 13 pale. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba wenzake na wakuu wake walikuwa wamesikia na kuona mengi ya kutia shaka, lakini tathmini zake za kazi ziliandikwa vizuri na akaendelea kupanda. Walinyamaza kwa sababu mbalimbali, na baadhi ya sababu hizo zinafanana na zako: staha, uchovu, na hofu ya kuonekana wabaya. Na mwaka 2020 alikamatwa Ethan Melzer, askari wa kikosi cha miamvuli kilichoko Vicenza, Italia, ambaye alilipatia kundi la Kinazi mamboleo habari za kikosi chake mwenyewe ili wenzake washambuliwe. Machi 2023 alihukumiwa kifungo cha miaka 45. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu, na katika visa hivi viwili kilichokuwa nguoni kilikuwa cha itikadi mbili tofauti. Macho yale yanayokugeukia darasani yanatazama upande mmoja tu.

Lakini sitaki nikutishe kupita kiasi. Mwaka 2021 Pentagon ilisema kesi zilizothibitishwa kwa mwaka hazikufika 100, katika jeshi lenye watu wapatao milioni mbili ukijumlisha na wa akiba. Wengi wanaotazama video za chuki hawafanyi zaidi ya kutazama. Mtu aliyeachwa na mkewe, anayerudi kwenye nyumba tupu, hupokewa kwa mikono miwili na makundi ya namna hii, kwa sababu yanampa undugu na mtu wa kulaumu. Nakubaliana nawe kwamba B. aliyekimbia nawe alfajiri ni mtu halisi. B. wa stika naye ni mtu halisi. Huhitaji kumfuta mmoja ili umwone mwingine, na neno lake, “wewe si kama wale wengine”, linaonyesha kwamba yeye mwenyewe anahangaika kuwaweka watu hao wawili ndani ya mwili mmoja. Alikutoa wewe kwenye kundi ili aweze kuendelea kulichukia kundi. Binti wa Ghana hakutolewa. Nadhani ndiyo sababu kicheko chako kinakusumbua bado.

Dhana ya pili imejificha katika maneno ya baba yako. Mzee wangu huyo namheshimu, naye anasema kama mzazi anayetaka mwanawe arudi mzima. Lakini methali yake inakuweka mahali pa mgeni anayekula sahani ya mtu. Wewe uliapa mwaka 2021 ulipojiunga, ukaapa tena 2022 ulipopewa uraia, na viapo vyote viwili vinataja maadui wa nje na wa ndani. Jeshi hilo liliwatenga askari weusi katika vikosi vyao mpaka baada ya amri ya Rais Truman ya tarehe 26 Julai 1948, na mwaka 2009 lilipofungua mlango kwa wageni wenye lugha adimu kupitia mpango wa MAVNI, Kiswahili kilikuwemo katika orodha. Tulikuwa na methali nyingine nyumbani, mgeni njoo mwenyeji apone. Sisemi kwamba ni juu yako kuliponya jeshi la Marekani. Nauliza tu kama bado ni kweli kwamba wewe ni mgeni pale.

Njia zilizo mbele yako zina hatari tofauti. Unaweza kuzungumza na B. mwenyewe, na moyo wako naona umeelekea huko. Juu ya video na juu ya yale maneno ya chini ya gari, huenda mazungumzo hayo yakamfaa kuliko adhabu yoyote, hasa yakitoka kwa mtu ambaye yeye mwenyewe alimbeba. Juu ya miwani, ningesita. Kama swali lilikuwa utani, hutakuwa umepoteza kitu kwa kutomwuliza. Kama halikuwa utani, utakuwa umemjulisha kwamba unajua, nawe ndiye mwenye funguo.

Unaweza kuanza kwa kiongozi wa dini wa kikosi. Si lazima awe wa dini yako, na faida yake ni kwamba unayomwambia kwa siri hawezi kuyatoa bila ridhaa yako, hata kwa kamanda. Hapo unaweza kuyasema yote kwa sauti kwa mara ya kwanza na kuyasikia yanavyosikika, jambo ambalo kwa mtu anayeandika barua usiku lina thamani kubwa. Unaweza pia kumwona mwanasheria wa msaada wa kisheria kambini, umwulize kwa uwazi kuhusu uraia na kuhusu ndevu. Nijuavyo mimi, sheria ya uraia inazungumzia aliyeondolewa kwa njia isiyo ya heshima, wala haimgusi mtu kwa sababu ametoa ushahidi. Na ruhusa ya ndevu ni jambo la daktari, lenye taratibu zake. Lakini usishike neno langu. Mwanasheria atafungua kanuni mbele yako, na huenda usiku huo ukalala.

Kwenda kwa kamanda au kwa Mkaguzi Mkuu, anayepokea malalamiko ya askari, ni hatua nzito zaidi. Sheria inakataza kumlipizia kisasi askari aliyetoa taarifa kwa njia halali, nami nisingependa uishi kana kwamba sheria hiyo haipo. Wakati huohuo, Septemba 2025 Pete Hegseth, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi, aliwaambia majenerali waliokusanyika katika kambi ya Quantico kwamba utaratibu wa malalamiko utabadilishwa na kwamba malalamiko yasiyo na jina yatakoma. Kwa hiyo usiingie ukitegemea kwamba jina lako halitajulikana. Mtu anayetoa taarifa leo ajiandae kusimama nyuma ya maneno yake, na ndiyo maana nimesisitiza tarehe, saa na maneno yenyewe. Unaweza hata kuligawa jambo: swali la miwani, ambalo ni la usalama wa vifaa ulivyokabidhiwa, ukalifikisha peke yake kwa msimamizi wako wa stoo kama tukio la kazi, pasipo neno lolote juu ya stika. Sijui kama hilo litakutosha. Wengine huona nusu ya ukweli ni mzigo kuliko ukweli wote.

Na unaweza kungoja miezi minane. Mkeo si mwoga kwa kulisema hilo; ana mtoto wa miezi saba mapajani. Ila mzungumze juu ya gharama ya kungoja, kwa sababu hesabu ya kila mwezi itakuja mara nane ndani ya muda huo, na kila mara utashika daftari ukiwa na wasiwasi. Ikitokea siku moja miwani moja imekosekana, swali la kwanza litakuwa nani alijua, nawe utakuwa na jibu usilotaka kulitoa, na hapo uraia ule mnaoulinda utakuwa katika hatari kubwa zaidi kuliko leo. Mwonyeshe barua hii. Umesema hujaweza kulizungumza hadi mwisho na mtu yeyote, kwa hiyo nahisi hata yeye hajasikia habari ya miwani, na kama ndivyo, alikushauri juu ya nusu ya jambo.

Ombi langu kwako ni moja tu kwa sasa. Kabla ya kwenda popote, chukua karatasi, si simu, uandike siku ile ya stoo peke yake: ilikuwa saa ngapi, nani mwingine alikuwepo, B. alisimama wapi, alitumia maneno gani hasa, uso wake ulikuwaje alipouliza na ulikuwaje ulipomjibu. Usimwite jina lolote. Ukimaliza, isome, kisha uniandikie tena uniambie uliona nini ulichokuwa umekipita. Nitakuwa nikiisubiri barua hiyo, na mkeo nisalimie sana.